Chapa ya Kwanza: Namna ya Kuitambua na Nafasi Yake katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wako watu ambao hukusanya vitabu kama wengine wakusanyavyo sarafu za kale, na kwao nakala ya chapa ya kwanza ni johari. Kwa sababu hiyo, elimu ya kuitambua chapa ya kwanza imedhaniwa na wengi kuwa ni anasa ya matajiri wa Ulaya na Marekani, isiyomhusu mwalimu wa Kiswahili wala mhakiki wa fasihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa chapa yamepita katika mikono mingi: mikono ya wamisionari, ya maofisa wa serikali za kikoloni, ya wachapishaji wa London, Johannesburg na Nairobi, na ya waandishi wenyewe walipopata nafasi ya kusahihisha kazi zao. Kila mkono uliacha alama yake. Msomi asiyejua nakala aliyoishika ni ya chapa ipi hajui pia ni mkono wa nani anaousoma, wala ni wa mwaka gani; na hukumu anayoitoa juu ya lugha au fikira za mwandishi yaweza kuwa imejengwa juu ya mchanga.

Toleo na Chapa

Hapana budi kuanza na istilahi, kwa kuwa mkanganyiko mwingi unatokana nazo. Neno chapa limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na maana yake ya awali ni alama iliyogongwa juu ya kitu. Ndiyo maana ikasemwa kupiga chapa. Neno toleo lina asili ya kitenzi toa, nalo hutaja kitu kilichotolewa hadharani. Katika matumizi ya kila siku maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila madhara, lakini katika taaluma ya vitabu inafaa kila moja lipewe kazi yake.

Toleo ni maandishi ya kitabu kama yalivyopangwa na kusahihishwa kwa wakati mmoja. Maandishi yakibadilishwa, yakipunguzwa, yakiongezwa au yakipangwa upya, hilo ni toleo jingine. Chapa ni safari moja ya mashine, yaani nakala zote zilizotoka kwa mkupuo mmoja. Basi toleo moja laweza kuwa na chapa nyingi zisizotofautiana hata kwa nukta. Mkusanyaji anapodai kuwa na kitabu cha kwanza, akitafutacho hasa ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Mhakiki kwa upande wake aghalabu hutosheka na toleo la kwanza, maana shughuli yake ni maneno, si karatasi.

Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili hawakuufuata mgawanyo huu sikuzote. Viko vitabu vilivyoandikwa kuwa ni toleo la tatu ilhali maandishi hayakuguswa. Viko pia vilivyotajwa kuwa vimepigwa chapa tena tu, kumbe tahajia imebadilishwa. Kwa hiyo msomaji asilichukue neno lililoandikwa kitabuni kuwa ni ushahidi wa mwisho. Na alilinganishe na dalili nyingine.

Mfano ulio wazi ni tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Julius K. Nyerere. Toleo la kwanza lilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963 likiitwa Julius Caezar. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitolewa tena baada ya kusahihishwa, na safari hii ikaitwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka pia tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Si nadra kuiona tafsiri ya kwanza ikitajwa kwa jina la Juliasi Kaizari na mwaka 1963, yaani kichwa cha toleo moja kikiunganishwa na mwaka wa toleo jingine. Kosa hilo si dogo. Mtafiti anayechunguza namna majina ya kigeni yalivyovikwa sauti za Kiswahili atakuwa amelirudisha nyuma badiliko hilo kwa miaka 6. Na miaka 6 hiyo haikuwa mitupu: katika kipindi hicho Tanganyika iliungana na Zanzibar mwaka 1964, na Azimio la Arusha likapitishwa mwaka 1967. Mtu aliyeyaandika maneno hayo mwaka 1963 alikuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Aliyeyasahihisha kufikia mwaka 1969 alikuwa Rais wa Tanzania. Ni mtu mmoja, lakini nyakati ni mbili, na lugha ya umma ilikuwa imesonga mbele.

Dalili Zilizoandikwa

Mahali pa kwanza pa kutazama ni ukurasa wenye jina la kitabu, na hasa upande wake wa nyuma. Hapo ndipo wachapishaji wengi hueleza mwaka ambao kitabu kilitolewa mara ya kwanza, na chini yake miaka ya chapa zilizofuata. Ikiwa umetajwa mwaka mmoja tu, nakala hiyo yaelekea kuwa ya chapa ya kwanza. Ikiwa miaka imeorodheshwa, wa mwisho ndio umri wa nakala. Hata hivyo wako wachapishaji waliokuwa wakitaja mwaka wa haki ya kunakili peke yake, na mwaka huo haubadiliki hata kitabu kikichapwa mara 20. Wengine hawakutaja mwaka kabisa, na jambo hili lilikuwa la kawaida katika vijitabu vya shule na vya misheni.

Tangu kati ya karne ya 20 wachapishaji wengi walianza kutumia mstari wa tarakimu, tuseme kuanzia 10 kushuka hadi 1. Kila kitabu kinapochapwa upya, tarakimu ndogo kuliko zote huondolewa. Kwa hiyo tarakimu ndogo iliyobaki ndiyo idadi ya chapa: ikiwa 1 ipo, ni chapa ya kwanza, ikiwa mstari unakomea kwenye 4, ni chapa ya nne. Utaratibu huu unafaa sana kwa vitabu vya miaka ya karibuni, ingawa haukufuatwa na wote kwa namna moja.

Namba ya kitabu ya kimataifa nayo ni shahidi mwaminifu. Namba za tarakimu 9 zilianza kutumika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Utaratibu wa kimataifa wa tarakimu 10 ukathibitishwa mwaka 1970. Na tangu Januari 2007 namba hiyo imekuwa ya tarakimu 13. Vitabu vingi vya Kenya hutambulikana kwa 9966, vya Tanzania kwa 9976 au 9987, na vya Uganda kwa 9970. Kitabu kinachodai kuwa ni cha mwaka 1951, lakini kimebeba namba hiyo juu ya jalada, hakiwezi kuwa nakala ya mwaka 1951, hata kama ukurasa wa ndani haukutaja mwaka mwingine wowote.

Majina ya nchi na ya mashirika husaidia vivyo hivyo. Anwani ya mchapishaji inayotaja Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1964. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948 na kutoa vitabu vyake vingi vya mwanzo chini ya jina la Eagle Press, ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Nchini Kenya kazi yake ikashikwa na Kenya Literature Bureau. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa na shirika la kwanza mwaka 1971. Kwa hiyo nakala yoyote ya riwaya hiyo yenye jina la shirika la pili ni ya chapa ya baadaye, hata ikitaja mwaka 1971 ndani yake. Kadhalika Heinemann Kenya iligeuka kuwa East African Educational Publishers mwaka 1992. Mafuta ya Katama Mkangi ilitolewa na Heinemann mwaka 1984. Ikionekana nakala yenye jina jipya, umri wake umekwisha kujulikana bila kufungua ukurasa wa pili.

Bei nayo isidharauliwe. Uingereza iliacha hesabu ya shilingi na peni 12 mnamo Februari 1971. Bei ya namna hiyo iliyopigwa chapa juu ya jalada, au juu ya karatasi ya kufunikia jalada, yaonyesha kwamba karatasi hiyo ilitengenezwa kabla ya tarehe hiyo. Lakini karatasi ya kufunikia jalada huweza kuvuliwa kitabu kimoja na kuvishwa kingine, kwa hiyo ushahidi wake ni wa jalada kwanza, na wa kitabu baadaye.

Kutokana na mifano hii yote inapatikana kanuni moja: jambo jipya kuliko yote lililomo katika nakala ndilo liamualo umri wa nakala hiyo. Mwaka wa zamani waweza kubakizwa au kunakiliwa, lakini jina la shirika ambalo lilikuwa halijazaliwa haliwezi kuandikwa.

Dalili za Mwili wa Kitabu

Kanuni hiyo haihusu maandishi tu, inahusu pia karatasi yenyewe. Kisa mashuhuri kuliko vyote katika taaluma hii kilitokea Uingereza, nacho kinafaa kutajwa kwa sababu ya njia iliyotumika. Thomas J. Wise alikuwa mkusanyaji wa vitabu aliyeheshimiwa mno. Miongoni mwa vijitabu vilivyosifiwa kupitia kwake kuwa ni chapa za kwanza kabisa ni kimoja cha mashairi ya Elizabeth Barrett Browning, kilichoandikwa kuwa kilichapwa Reading mwaka 1847. Mwaka 1934 John Carter na Graham Pollard walitoa uchunguzi wao juu ya vijitabu kadhaa vya namna hiyo. Waliipima karatasi wakakuta imetengenezwa kwa malighafi ambayo viwanda vya Uingereza vilikuwa havijaanza kuitumia katika mwaka uliotajwa. Wakayachunguza maumbo ya herufi, wakakuta nayo ni ya miaka ya baadaye. Vijitabu hivyo vilikuwa vya kughushi. Waliowahi kuvitaja katika orodha zao, wakiwemo wataalamu na maktaba kubwa, waliusoma mwaka bila kuitazama karatasi.

Katika vitabu vya Kiswahili tatizo si la kughushi, bali ni la nakala za picha zilizotolewa kwa nia njema. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitolewa London na Trübner mwaka 1882, muda mfupi baada ya kufa kwake mnamo Novemba 1881. Mwaka 1969 kamusi hiyo ilipigwa chapa tena New York kwa njia ya picha, ukurasa kwa ukurasa. Nakala ya namna hii huhifadhi sura ya kitabu cha awali, na kurasa zake za mwanzo zikipotea, au maktaba ikikifunga kitabu upya, mtu aweza kuichukua kuwa ndiyo ya 1882.

Tofauti lakini zipo. Herufi za risasi zilipokandamizwa juu ya karatasi ziliacha mbonyeo mdogo. Kidole kikipitishwa kwa upole nyuma ya ukurasa wa kitabu cha zamani mara nyingi hukisia mbonyeo huo. Uchapaji wa ofseti hulaza wino juu ya karatasi bila kuibonyeza. Herufi zilizopigwa picha nazo huvimba kidogo pembeni, na nukta hafifu zikapotea. Mshono pia ufaa kuangaliwa, kwani vitabu vya karne ya 19 vilishonwa kwa uzi, na vingi vya leo vimeshikwa kwa gundi mgongoni.

Kusahihishwa kwa Lugha

Kwa mtaalamu wa lugha, hatari iliyo kubwa kuliko zote haiko katika karatasi. Iko katika masahihisho. Edward Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo ya lugha ya Unguja mwaka 1870, na mwaka huo huo akatoa ngano alizozikusanya, vyote kwa mchapishaji Bell & Daldy wa London. Steere alikufa mwaka 1882. Toleo la tatu la kitabu cha mafunzo lilisahihishwa na kuongezwa na A. C. Madan. Halafu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukapendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Baada ya hapo mazoezi ya Steere yalirekebishwa na A. B. Hellier ili yaafikiane na Kiswahili sanifu. Jina la Steere likabaki juu ya jalada.

Basi mtafiti anayetaka kujua Kiunguja kilivyosemwa katika miaka ya 1860, naye akachukua nakala ya baada ya Hellier, atakuwa anauliza karne ya 19 na kujibiwa na kamati ya karne ya 20. Tahajia, viambishi na hata uteuzi wa maneno vimekwisha kunyoshwa. Ataandika kwamba umbo fulani lilikuwa limeenea tangu zamani, na ushahidi wake utakuwa ni umbo lililowekwa na msahihishaji. Makosa ya namna hii ni magumu kugunduliwa, kwa sababu kila neno lililonukuliwa limo kitabuni kama lilivyonukuliwa. Kilichokosewa ni kitabu.

Chapa ya Kwanza Isiyojitangaza

Yapo pia maandishi ambayo chapa yao ya kwanza imejificha. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate hujulikana na wengi kwa toleo la William Hichens la mwaka 1939, lililotolewa London na Sheldon Press. Mkusanyaji atakayelipata atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini utenzi huo ulikuwa umekwisha kupigwa chapa mwaka 1915, pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor, ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu tofauti za lahaja za Kiswahili kilichotolewa Cambridge. Hakuna jalada lililoutangaza, na katika orodha za maktaba hupatikana chini ya sarufi. Toleo la 1939 ni la kwanza kuwa kitabu peke yake. Si la kwanza kwa maandishi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji yanaleta swali jingine. Muyaka alikufa mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa Mombasa na Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, yakahifadhiwa katika miswada, na diwani ikatolewa na Hichens kwa Witwatersrand University Press ya Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akayatoa mashairi mengi ya Muyaka kwa Kenya Literature Bureau, pamoja na tafsiri na maelezo ya historia ya Mombasa. Je, la 1940 lishike nafasi ya juu kwa kuwa ni la kwanza? Kwa mkusanyaji, naam. Kwa mhakiki, toleo la kwanza hapa liko umbali wa miaka 100 kutoka kwa mshairi, na kati yao wamesimama msimulizi, mwandikaji wa hati za Kiarabu na mgeuzaji wa hati hizo kuwa za Kirumi. Cheo cha kwanza ni cha mswada. Toleo la kwanza ni shahidi wa pili.

Mwaka wa Kitabu na Maana ya Kitabu

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi inapohusika fikira ya mwandishi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitolewa na Nelson mwaka 1951. Imepigwa chapa mara nyingi tangu hapo, na nakala zilizozagaa shuleni ni za miongo ya baadaye. Mwanafunzi akiandika jina la mwandishi na mwaka wa nakala aliyonayo, tuseme 1991, msomaji wake ataifikiria hadithi ya Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, kuwa ni shutuma dhidi ya serikali za Afrika huru. Hadithi hiyo yaweza kuzihukumu serikali hizo, kama kazi yoyote kubwa iwezavyo kuhukumu nyakati zisizokuwa zake. Lakini ilipotoka, Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na uhuru ulikuwa mbele kwa miaka 10. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi 6 tu baada ya uhuru kupatikana. Ujasiri wa kitabu hupimwa kwa mwaka wake. Mwaka ukibadilishwa, ujasiri huo hupotea bila mtu kukusudia.

Upande wa pili uko Kufikirika. Riwaya hiyo iliandikwa katika miaka ya 1940, lakini ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1967, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Hapa toleo la kwanza lenyewe hupoteza asiyeangalia, kwani kwa kuzifuata chapa za kwanza peke yake Kufikirika itawekwa miaka 16 baada ya Kusadikika, na maendeleo ya fikira za mwandishi yatasomwa kinyume. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilizotolewa mwaka 1968, nazo zataka hadhari hiyo hiyo. Chapa ya kwanza huonyesha siku kitabu kilipowafikia wasomaji. Siku kilipoandikwa yataka kutafutwa kwingine: katika barua, katika miswada na katika dibaji.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba chapa ya kwanza hutambuliwa kwa kukusanya dalili nyingi na kuziacha zihojiane: mwaka ulioandikwa, mstari wa tarakimu, namba ya kimataifa, jina la nchi na la shirika, bei, karatasi, herufi na mshono. Dalili moja haitoshi, na iliyo mpya kuliko zote ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Yanafuata mambo matatu ya kutendwa. Kwanza, katika tasnifu na makala, miaka miwili itajwe daima, wa toleo la kwanza na wa nakala iliyotumika, na istilahi za toleo na chapa zitumiwe kwa maana zilizotengwa. Pili, maktaba za vyuo zisiondoe rafuni nakala kuukuu kwa sababu tu nakala mpya imewasili, wala zisitupe majalada na kurasa za mwanzo zinapofunga vitabu upya, maana humo ndimo ushahidi ulimo. Tatu, idara za Kiswahili zianze kuandaa orodha za vitabu vya Kiswahili zinazoeleza kila toleo kwa dalili zake, kazi ambayo mkusanyaji wa vitabu na mhakiki wa fasihi wanaweza kuifanya pamoja. Vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilitengenezwa kwa ajili ya shule na misheni, vikasomwa mpaka vikachanika. Vichache vilivyosalia vimo katika makabati ya walimu wastaafu, katika misikiti na makanisa, na katika maduka ya vitabu vikuukuu. Kila kimoja kinachotupwa bila kutambuliwa huondoka na sehemu ya historia ambayo chapa ya baadaye haiwezi kuirudisha.